Viatu vya Kazini Ndani ya Nyumba

Nimestaafu juzi tu, na kikundi chetu cha simu bado hakijanitoa, kwa hiyo bado naona mnavyolalamika. Mmoja mgongo, mwingine macho, mwingine anasema mtoto wake hubisha mlango wakati ule ule mama wa watu analia kwenye laini. Nimeona badala ya kuwajibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, ambao najua huwa mnauharakisha ili mzee amalize, niandike mara moja. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Kwa wale wageni, mimi ni Njeru, muuguzi. Nilianzia wodi ya akina mama nikiwa kijana mwembamba, siku ambazo mwanamume kuvaa sare ile na kushika mtoto mchanga kulifanya watu wachungulie dirishani. Nikazeekea humo. Miguu ilipoanza kukataa zamu za kusimama, nikahamia kwenye laini ya akina mama na watoto. Kazi yenyewe mnaijua: mama anapiga bure akiwa popote, kuanzia Mbeere hadi Imenti, muuguzi anapokea, anasikiliza, anashauri, na ikibidi anaitisha gari la wagonjwa. Tulikuwa na ofisi mjini Embu, chumba kirefu chenye meza za kupakana na birika la chai lisilopoa. Halafu korona ikaingia. Tukaambiwa kila mtu abebe kompyuta na hedifoni zake aende akafanyie kazi nyumbani mpaka tutakapoitwa. Hatujaitwa hadi leo.

Siku ya kwanza niliketi kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwetu mtaa wa Majimbo. Juu nilivaa shati la kazi, chini suruali ya kulalia, nikajiona mjanja. Mke wangu Marigu ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alikuwepo na githeri yake ya mahindi na maharagwe motoni. Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa pande za Runyenjes, mtoto wake anaharisha. Nikaanza maswali. Jogoo akawika chini ya dirisha. Sufuria ya presha ikapiga mluzi. Jirani yetu Baba Mugo akaita kutoka langoni kwamba kwa vile sasa sina kazi, nikamshikie ngazi.

"Samahani," yule mama akauliza polepole, "hapo ni hospitali ama ni soko?"

"Ni hospitali, mama."

"Na huyo kuku ni wa mgonjwa?"

Nilimsaidia hatimaye, lakini nilimuuliza umri wa mtoto zaidi ya mara moja, na kila mara alinijibu kwa upole unaomfaa mtu aliyepungukiwa akili. Nilipokata simu, nyingine ikaingia papo hapo. Alikuwa supavaiza wetu mpya, Sista Karimi.

Sikuwa nimewahi kumwona kwa macho. Alikuwa ameuguza Meru kwa muda mrefu, kisha akarudi kwao Kanyakine kumtunza mama yake, na alijiunga nasi juma lile lile tulilotawanyika. Nilimjua kwa sauti tu, sauti ya chini isiyo na haraka, yenye Kimeru ndani yake kama tangawizi kwenye chai. Nilijua alikuwa akisikiliza simu zetu, kwa sababu kusikiliza ndiyo kazi ya supavaiza. Nikajiandaa kukemewa.

"Bwana Njeru," akasema, "umevaa nini miguuni?"

"Miguuni?"

"Ee, miguuni."

Nikaangalia chini ya meza. "Slipa, Sista."

"Vaa viatu. Vile vya wodi. Ukishafunga kamba, unipigie."

Nilicheka, lakini nilivaa. Nilipompigia akasema sasa nitoke langoni, nizunguke mtaa, nirudi, na nikirudi nisipitie jikoni. Hiyo ndiyo ingekuwa safari yangu ya kwenda kazini, kila asubuhi, na jioni ningezunguka tena kurudi nyumbani.

"Sista, majirani watasema nimerukwa na akili."

"Wacha waseme. Wewe unapigiwa na watu walio kwenye shida. Hawawezi kukupata ukiwa umelala nusu."

Basi nikawa nazunguka. Baba Mugo aliueleza mtaa mzima kwamba Njeru amefutwa kazi na kila asubuhi anamdanganya mkewe kuwa anaenda. Sikumlaumu. Kwa mtu wa kutazama, ndivyo ilivyoonekana. Lakini niwaambie kweli: kabla ya juma kwisha, nikifika kwenye kona ya mwisho karibu na duka la mboga, kichwa kilikuwa kimeshaingia zamu. Mambo ya bomba linalovuja na ada ya mtoto yalibaki nje ya lango, na kila jioni niliyakuta pale pale, hakuna aliyeyaiba.

Chumba nacho kilikuwa kazi. Tulikuwa na stoo nyuma ya nyumba, ya magunia ya mahindi na godoro kuukuu la watoto. Sista Karimi alinielekeza kwa simu kama mtu anayekiona. Godoro nilisimamishe ukutani upande wa jogoo, litakula kelele. Meza itazame ukuta, isitazame mlango, kwa sababu mwenye kutazama mlango anangoja mgeni. Dirisha liwe pembeni, ili kati ya simu na simu niyatoe macho nje na kuyaacha yakae mbali. Kule mbali kulikuwa na mkadamia wa jirani, na naujua mti ule kuliko ninavyowajua baadhi ya binamu zangu. Kompyuta niliiinua kwa kreti ya soda. Kiti kilitoka kwa fundi wa barabarani, ambaye nilimpelekea miguu yangu aipime kwa macho, akanitengenezea kiti kifupi chenye mgongo ulionyooka. Si kizuri kutazama. Kimenitunzia kiuno hadi leo.

Chini ya meza alitaka kila muuguzi aweke betri ya kushikilia intaneti stima zikipotea. Yangu nilikuwa naigonga kwa kidole cha mguu kila siku, nikiitukana kwa Kiembu.

Kitu nilichokistaajabia zaidi ni sikio lake. Aliweza kusikia nilivyoketi. Katikati ya mazungumzo ya kawaida alisema, "Bwana Njeru, pumzi yako imekunjika, nyoosha mgongo," nami nanyooka huku nikitazama dari kama kwamba amejificha huko. Kwa mwenzetu Purity wa Chuka alisikia kwamba hajala. Kwa mwingine alisikia kwamba amelia kabla ya zamu, akampa simu nyepesi nyepesi asubuhi ile bila kumwambia mtu.

Jikoni ndiko kulikonishinda. Ofisini chai ilikuwa na saa yake. Nyumbani sufuria ya nduma, yale magimbi ya kuchemsha, ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti, na mtu anayesikia shida za watu siku nzima hupata njaa isiyo ya tumbo. Nikanenepa. Mshipi ukahamia tundu jingine. Wakati mmoja nikaanza kuamka na kichwa kizito, nikasema ni kioo cha kompyuta. Mashine ya kupima presha ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, na ilikuwa imewapima majirani wote isipokuwa mimi.

Sista Karimi aliisikia hiyo pia. Jioni moja zamu ilipokwisha akasema, "Hiyo mashine yako iko wapi? Jifunge mkono unisomee."

Nikasoma. Akasema, "Pumzika, halafu ule mkono mwingine." Nikasoma tena.

"Sasa niambie," akasema, "mama mjamzito akikusomea namba kama hiyo, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia aende hospitali leo, siyo kesho."

"Basi umejishauri vizuri. Mimi nashika laini yako kesho asubuhi. Usinipigie mpaka daktari akuone."

Nilipewa dawa, ambazo nazimeza mpaka sasa, na daktari akaniambia yale yale ambayo mimi huwaambia watu. Marigu aliondoa chakula mezani kwangu kabisa. Akaniwekea kigoda nje ya mlango wa nyuma, juani, na chakula cha mchana kikawa huko, bila simu. Kila simu ilipoisha nilisimama. Simu ya kumfundisha mama kunyonyesha, ambayo ni ndefu na haina hatari, niliipokea nikiwa nimesimama na kuhamisha uzito mguu hadi mguu kama mtu anayebembeleza mtoto. Mshipi haukurudi tundu la kwanza, lakini uliacha kusonga mbele, na nikashukuru.

Sasa ile simu ya Siakago, ambayo wengine wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Ilikuwa asubuhi moja ya msimu wa mvua ndefu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, Kimbeere kitupu, akiongea kwa nguvu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Aliitwa Ciarunji. Mke wa mwanawe, Igoki, alikuwa amejifungua nyumbani kabla pikipiki haijafika. Mtoto alikuwa amelia vizuri. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka. Lakini damu ilikuwa haikatiki.

Nilimwandikia Sista Karimi kwenye kioo cha kompyuta, yeye akaanza kuitisha gari. Mimi nikabaki na bibi, nikimwita cucu, yaani nyanya.

"Cucu, nahitaji mikono yako yote miwili. Fungua sauti ya simu uiweke chini."

"Mimi sijui kufungua sauti."

Nikasikia sauti nyembamba nyuma yake. "Leta, mama, nibonyeze." Alikuwa Igoki mwenyewe. Nikapumua. Aliyeweza kubonyeza simu alikuwa bado nasi.

"Cucu, weka mkono chini ya kitovu chake. Bonyeza. Kuna kitu kama mpira?"

"Hakuna mpira. Ni laini kama unga uliokandwa."

"Hapo hapo. Sugua kwa kuzunguka, kwa nguvu, mpaka kiwe kigumu. Usimwonee huruma."

"Anapiga kelele!"

"Apige. Akipiga kelele ni vizuri. Sasa mtoto awekwe kwenye titi, wote wawili wafunikwe."

Stima zikapotea. Taa ya stoo ikazima, na chini ya meza ile betri niliyoitukana ikalia mara moja, ikashika. Simu haikukatika hata kidogo. Langoni Baba Mugo akaanza kuita, "Njeru! Hata kwako zimepotea? Njeru!" Nilimsikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye paa la nyumba nyingine. Mbele yangu palikuwa na ukuta mtupu, na ukutani niliiona mikono ya yule bibi waziwazi, na sijawahi kuiona hadi leo.

Kwenye kioo Sista Karimi akaandika: Gari limetoka. Mto umefurika, wanazunguka. Endelea.

Nikaendelea. Niliuliza kuhusu mkojo, maana kibofu kikijaa mji wa mimba haukazi, na bibi akamsaidia Igoki akajisaidia. Niliuliza rangi ya midomo. Nilimwambia bibi ainue miguu ya Igoki juu ya gunia, asiuondoe ule mkono tumboni.

"Daktari," akasema baada ya muda, akihema, "na nikichoka?"

"Vumilia, cucu, tafadhali usiache."

"Nani amesema naacha? Nauliza nikichoka nibadilishe mkono upi kwanza."

Nilimwambia. Akabadilisha. Nikamsikia akimwambia Igoki maneno ya chini chini ambayo hayakuwa yangu, nami nikanyamaza kuwapa nafasi. Kisha akapaza sauti. "Kimekuwa kigumu! Kama kiazi kibichi!"

"Na damu?"

Niliushika ukingo wa meza.

"Imepungua," akasema. "Inatoka kidogo. Kidogo tu."

"Usitoe mkono."

Hakuutoa mpaka gari likafika. Nilisikia mlango, miguu, kisha muuguzi mwenzetu akaokota simu na kusema, "Tumemchukua, yuko macho," na laini ikakatika.

Wodini, baada ya jambo kama hilo, mtu hukushika bega. Mwingine hukuletea chai. Mnasimama kwenye kile chumba cha kuoshea vyombo, mnasema ovyo, mnacheka kitu kisichochekesha, na mwili unajua kwamba limepita. Mimi nilifungua mlango wa stoo nikakuta jua. Sahani za asubuhi zilikuwa kwenye karai. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, Marigu hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikarudi kwenye kiti nikabonyeza nipokee simu inayofuata.

Kitufe kilikataa. Sista Karimi alikuwa amenitoa kwenye foleni. Simu yangu ya mkononi ikalia.

"Niko sawa, Sista."

"Sijakuuliza. Toka nje na hiyo simu. Tembea."

"Kuna watu wanangoja kwenye foleni."

"Foleni iko na wenzako. Tembea."

Nikazunguka mtaa naye sikioni. Hakuniuliza najisikiaje. Aliniuliza naona nini. Nikamwambia: namwona Baba Mugo juu ya ngazi, hatimaye kapata wa kumshikia. Namwona mama wa parachichi. Naona mbwa wa rangi mbili. Yeye akaniambia kwamba kule kwao maharagwe yameota na ng'ombe wa jirani ameingia kwenye migomba tena. Mbele ya duka la mboga nikasikia nalia, mzee mzima, na viatu vya wodi.

"Lia ukitembea," akasema. "Usisimame."

Alibaki nami mpaka nikanyamaza, kisha tukazunguka mara nyingine bila kusema mengi. Ile kanuni mnayoifuata, kwamba baada ya simu nzito hakuna anayepokea nyingine kabla ya kuongea na mwenzake, ilianza kesho yake. Aliipigania kwa wakubwa mwenyewe, kwa sauti ile ile ya chini, mpaka wakaona ni rahisi zaidi kukubali.

Igoki alirudi nyumbani mzima na mtoto wake. Baadaye Ciarunji alipiga laini akaomba kuongea na "yule kijana". Nikaitwa. Aliniambia mabega bado yanamuuma, na kwamba nimsalimie mke wangu. Mtoto hakuitwa jina langu. Kule majina ya watoto yana wenyewe katika ukoo.

Nilikutana na Sista Karimi ana kwa ana mara ya kwanza mama yake alipofariki. Tulikodi gari, wauguzi wa Embu, tukaenda Kanyakine kumzika. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani kuwa mwanamke mrefu. Alikuwa mfupi, wa kunifikia begani, amefunga kitambaa cheusi, na alinishika mkono akasema, "Bwana Njeru, umepungua," nikajua ni yeye.

Baada ya mazishi, mpwa wake Makena alitupeleka nyuma ya nyumba. Sista alikuwa amefanyia kazi kwenye kibanda cha zamani cha kahawa, mwisho wa shamba. Meza, kiti, blanketi ukutani, kama changu. Nikamwambia Makena kwamba shangazi yake alitufunza sote jinsi ya kukaa.

"Hakufunzwa na mtu," Makena akasema. "Ni shosho alifanya ajue."

Shosho huyo, yaani mama yake Karimi, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Siku za mwanzo Karimi alifanyia kazi sebuleni, na mama yake alipomwona na vitu masikioni akiongea peke yake na watu wasioonekana, aliingiwa na hofu. Alilia. Alizivuta hedifoni akazitupa, akiita majirani waje, mtoto wake amechanganyikiwa. Basi Karimi akaanza kuvaa sare kila asubuhi, viatu, mkoba. Anamuaga mama, anatokea mlango wa mbele, anazunguka kwenye kahawa, anaingia kibandani kwa nyuma. Mama alitulia kabisa. Binti yake alikuwa hospitalini, hilo alilielewa. Mchana Karimi "alirudi" kumlisha, na mama akamuuliza wagonjwa wameamkaje, naye akamsimulia.

Nilimkuta Sista amesimama kando ya kibanda. Nikamwambia Makena ametusimulia.

"Nilianza kwa ajili yake," akasema. "Halafu nikaona inanisaidia mimi. Yale yote ya asubuhi, kumwosha, kuulizwa wewe ni nani, niliyapunguza kidogo kidogo nikipita kwenye kahawa. Nikifika hapa nilikuwa na nafasi ya mtu mwingine."

Nimefanya kazi na madaktari wenye mikono ya ajabu, na wakunga waliozalisha kijiji kizima. Yeye alitubeba sote kwa sikio tu, kutoka kibanda cha kahawa, akiwa na huzuni yake mwenyewe ndani ya mkoba, na hakuna aliyejua.

Zamu yangu ya mwisho ilikuwa nyepesi. Mchana ule aliyechukua nafasi yangu, Kawira, alikuwa anaanza. Anaishi chumba kimoja mjini Meru, na alinipigia asubuhi akiwa na hofu. "Mzee, kitanda ndicho kiti, kiti ndicho jikoni. Naendea kazi wapi?" Tukahamisha vitu kwa simu. Akafunga leso kwenye kamba kutenga kona, akageuza meza ikatazama ukuta, akashuka ngazi za jengo hadi chini akapanda tena.

Sista Karimi akaniruhusu nisikilize simu yake ya kwanza. Tulikuwa kwenye laini watatu, wawili kimya. Mama alikuwa na mtoto wa kwanza asiyeshika titi, na alianza kwa kilio kisicho na maneno. Nikasubiri Kawira aharakishe, kama nilivyoharakisha mimi. Hakuharakisha. Nilimsikia akivuta kiti, akinyoosha mgongo, akipumua.

"Lia tu, mama," akasema. "Mimi niko kazini. Niko na wewe."

Nilingoja Sista anong'one kosa lolote. Hakusema kitu. Basi nikavua hedifoni, nikaziweka mezani polepole zisije zikalia, mama na Kawira wakiendelea kuongea ndani yake, nikatoka.